Marehemu Alileta Chai

Watoto wa kijiji cha Mundika walikuwa wameshazimaliza ndizi zote ndipo wazee wakagundua kwamba wamemla babu yao.

Usicheke kwanza. Mwaka 1984, Lazarus Wandera, karani wa mizigo katika stesheni ya reli ya Malaba, alitoweka siku tatu kabla ya harusi yake. Viatu vyake vilipatikana kando ya mto, vimepangwa vizuri. Ukoo ulitafuta mwili wiki nzima, ukaambulia kambare wawili na sufuria moja. Basi wakafanya inavyofanywa mtu akipotea na mwili usionekane: walikata shina la mgomba, wakalivisha suti, wakalilaza kwenye jeneza, wakalilia, wakalizika. Mambo yakaisha. Sasa, miaka arobaini na moja baadaye, kaburi likachipua. Mgomba ukajitokeza pale penye msalaba, ukazaa mkungu mzuri tu, na watoto ni watoto.

Ukoo ulikutana siku hiyo hiyo. Marehemu hajatulia, wakasema, anataka muuaji wake ajulikane. Na muuaji angekuwa nani, kama si yule rafiki yake wa kabila la Wateso wa kule relini, aliyeonekana naye mara ya mwisho?

Ndiyo maana Jumamosi, saa nne asubuhi, bodaboda kumi na moja zilizojaa wanaume na wanawake wa ukoo ziliingia uani kwa rafiki huyo, mzee Ignatius Otukei, Malaba, nyuma ya foleni ya malori. Ignatius alikuwa kwenye kigoda akimenya karanga. Aliwatazama wale wageni, akaona makoti ya msiba na faili chini ya kwapa, akajua moja kwa moja wametoka wapi. Akaziweka karanga chini. Si kwamba aliogopa jela, hata kidogo. Aliogopa mlango wa jikoni nyuma yake, kwa sababu humo ndani marehemu alikuwa akipika chai.

Ndiyo, marehemu mwenyewe. Lazarus hakuzama popote. Alikuwa akiikimbia ile harusi; alivua viatu avuke mto asiviloweshe, akavisahau, mjinga yule, akaenda peku hadi Tororo, Uganda. Baada ya miaka miwili alirudi na ndevu, jina la Okwara, na hadithi kwamba yeye ni binamu wa Ignatius. Malaba ni mji wa wapita njia. Nani ana nafasi ya kuchunguza binamu za watu? Walikuwa wamependana tangu mvua ya mwaka themanini na mbili, iliyowafungia kutwa nzima ndani ya behewa la kahawa, Ignatius, aliyekuwa akigeuza reli ili treni zipishane, na Lazarus, aliyekuwa akihesabu magunia. Lazarus alipoteza hesabu mara tano siku ile. Mara ya tano alimwambia Ignatius, wewe ndiye unanipoteza, na baada ya hapo hawakuhesabu tena. Wamezeeka pamoja, wakigombania chumvi na redio. Ignatius hakuwa na mtu mwingine duniani, wala hakutaka.

"Mzee, mimi naitwa Makokha, katibu wa ukoo," akasema mwenye faili. "Tumekuja kwa heshima. Je, ulimuua Lazarus Wandera?"

"Sikumuua mtu."

"Tuko na ushahidi." Makokha akafungua faili, akatoa bahasha, akamwaga mezani maganda ya ndizi yaliyokauka.

Ignatius alikohoa mara mbili. Hiyo ilikuwa ishara yao ya tangu zamani: kaa ndani. Lakini Lazarus ana ugonjwa mmoja, hawezi kuvumilia mgeni akae bila chai. Tena alikuwa amesikia kila neno. Mlango ukafunguliwa kwa teke, akatoka na sinia la vikombe, ndevu zinamtetemeka kwa hasira.

"Nani muuaji hapa? Huyu? Huyu hata kuku hachinji, nachinjanga mimi! Lazarus Wandera ni mimi. Kunyweni chai, muende."

Mama yangu! Wanaume wawili walirukia pikipiki zao. Mwingine aliinama kuangalia kama yule mzee ana kivuli. Makokha alipekua faili lake lote, karatasi kwa karatasi.

"Haiwezekani," akasema. "Mzee, wewe ulizikwa. Nyama ya matanga ililiwa."

"Mimi sikuila."

Wakanong'onezana. Kisha Makokha akatabasamu, na hapo ndipo Ignatius alipoogopa kwelikweli.

"Kama uko hai, sifa kwa Mungu. Aliyezikwa akirudi kuna utaratibu. Hupiti langoni, tutavunja ua kwa nyuma. Kondoo atachinjwa, utanyolewa, utajengewa nyumba, utatafutiwa mama wa kukupikia. Na huku Malaba hutakanyaga tena. Twende nyumbani, mzee."

Vijana wawili wenye vifua vya kubeba magunia walikuwa wameshamwinua kwa makwapa. "Niacheni! Nyumbani kwangu ni hapa!" akapiga kelele, lakini alikuwa na miaka sabini na miwili na goti bovu. Wao walikuwa wakimbeba kwa upendo, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akina mama wakaanza wimbo wa shukrani. Walimkalisha kwenye pikipiki, wakamvisha helmeti. Ignatius alijua kwamba akisema ukweli wa yale mapenzi, watamwondoa haraka zaidi, na nyumba itachomwa. Pikipiki ikapigwa kiki.

"Nilimuua!" Ignatius akapaza sauti.

Wimbo ukakatika.

"Nilimuua mimi, mwaka ule ule. Kwa jembe."

"Jembe?" Lazarus akauliza akiwa pale juu ya pikipiki. "Jembe tulitoa wapi? Hatukuwa na jembe!"

"Kwa rungu, basi."

"Wewe na rungu!"

"Lazarus, nyamaza, nakuua!"

Lazarus alimtazama. Akaona jinsi Ignatius alivyoushika usukani wa pikipiki kwa mikono miwili, akaelewa, na macho yakamjaa machozi.

"Ni kweli," akasema polepole. "Aliniua. Niliumia sana."

Makokha alikuna kichwa. "Na huyu aliyeko kwenye pikipiki ni nani?"

"Ni mzimu," Ignatius akasema. "Haujanitoka tangu siku ile. Unanipikia, unanifulia, unanigombeza."

Waliokuwa wameonja chai wakaweka vikombe chini.

Hapo akainuka Petronilla, dada mkubwa wa marehemu, bibi wa miaka themanini aliyeletwa kwa bodaboda ya mwisho. Walimpisha. Alitembea na fimbo yake hadi kwenye pikipiki, akamvua Lazarus helmeti, akamshika masikio kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu. Ignatius alisogea karibu. Huyu ndiye aliyemwogesha Lazarus utotoni, angekosaje kumjua?

"Alikuua vibaya?" Petronilla akauliza.

"Hapana, dada."

"Hukuteseka?"

"Sikuteseka hata siku moja."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akawageukia watu. "Ndugu yangu amekufa. Muuaji amekiri, mnataka nini tena? Lakini mwaka ule mlinipa mgomba niulilie. Nililia, sawa, ila machozi hayakutoka yote. Mniache nilie."

Akamshusha, akamkalisha kwenye kigoda, akamkumbatia kichwa na kukipakata kifuani. Kisha akaomboleza, woi, woi, Wandera wetu, kwa sauti iliyowatoa madereva kwenye malori yao. Ukoo mzima ukaitikia. Lazarus naye alikuwa akilia, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba maiti hailii.

Alipomaliza, Petronilla alijifuta uso kwa leso, akamwendea Ignatius.

"Muuaji, sikia hukumu yako. Usimwache peke yake, ukimwacha atatujia sisi."

"Ndiyo, mama."

"Na siku atakapokufa tena," akasema akiegemea fimbo yake, "siku hiyo usitume mtu Mundika. Sisi tulishazika. Utamzika wewe."

Ignatius akalia mbele za watu, na kwa kuwa ulikuwa msiba, hakuna aliyemuuliza sababu.