Ndege wa Mfukoni

Jeltje alitia mkono mfukoni mwa koti la mumewe, Sietse, alipotaka kulifua, akatoa ndege wawili waliokufa, wadogo, kila mmoja na pete mpya mguuni. Hamadi! Akakaa kitako sakafuni. Miaka thelathini sasa, kila majira ya baridi, Sietse huwanasa ndege wa bustani kwa wavu, akawavisha pete zenye namba ili wajulikane wakirudi, akawaachia. Na sheria aliyoihubiri mpaka watu wakamchoka ni moja: atakayeanza kuwaua, aweke chini mwenyewe koleo la kubania pete, asingoje kufukuzwa.

Kumbe! Tangu kiangazi vidole vyake vimekufa ganzi. Kikombe kikimponyoka, hulaumu kikombe.

Jeltje alimfuata mumewe bustanini, theluji ikimfika vifundoni.

"Sietse, wale wa mfukoni walikufaje?"

"Baridi hiyo. Niliwakuta wavuni wamekwisha kufa."

"Na pete walivalia wapi, ahera?"

Mzee akajitia kuukaza wavu.

"Mficha maradhi, mzee wangu..."

"Kifo humuumbua, najua! Niache, mama. Nikiacha kazi hii nitabaki na nini? Kukaa dirishani na paka?"

Wavu ukatikisika. Aliyenaswa alikuwa ndege wao kifua-chekundu, yule anayekuja mlangoni kula makombo ya jibini, aliyevishwa pete na Sietse mwenyewe miaka minne iliyopita. Sietse akamnasua taratibu, uzi kwa uzi, akamlaza kiganjani, shingo katikati ya vidole viwili, akabana asimponyoke. Jeltje akasoma namba, akainama kuiandika daftarini.

"Umeona?" Sietse alikuwa anatabasamu, jambo ambalo Jeltje hakuliona tangu kiangazi. "Katulia tuli. Ananijua huyu."

Jeltje akainua macho. Kichwa cha ndege kilikuwa kimelala upande, jicho limefumba nusu. Vidole vya mumewe vilikuwa vimekuwa vyeupe kwa kubana, naye hana habari.

Kisha tabasamu likamtoka Sietse.

"Jeltje," akanong'ona, "mimi sisikii kitu. Moyo wake unapiga?"

Alitamani kumdanganya, Mungu anajua alivyotamani. Lakini miaka yote hiyo mshika daftari ni yeye, na hajaandika uongo hata siku moja.

"Haupigi, mume wangu."

Sietse alisimama pale, theluji ikimwangukia kofiani, mkono ameunyoosha mbele.

"Nifungulie vidole," akasema. "Havitaki."

Jeltje akavifungua, kimoja baada ya kingine. Kisha wakaanza kuukunja wavu.