Kaseti ya Bagalwa

Shuka lilikuwa bado la moto mikononi mwa Kasika simu ilipolia tena. Hakuhitaji kutazama ni nani. Sosthène alikuwa amepiga mara tatu tangu asubuhi, na swali lilikuwa lile lile: kaseti iko mkobani? Iko, alijibu Kasika, na hapo hakusema uongo. Uongo wake ulikuwa ndani ya kaseti yenyewe, nao ulikuwa na miaka zaidi ya ishirini.

Kasika alikuwa dobi katika nyumba ya wazee huko Inver Grove Heights, Minnesota. Aliwajua wazee wale kwa mashuka yao kuliko kwa sura: nani alilala, nani aligaagaa, nani hatarudi tena kitandani. Siku hiyo mikono yake ilikunja yenyewe kama kawaida, lakini jicho lilikuwa kwenye saa, kwa sababu saa kumi jioni mwanamke mmoja aitwaye Stacy angefika kwa Sosthène kuichukua kaseti.

Habari yenyewe ilianza Bukavu mwaka wa sabini na tisa. Vijana wanne, wenye nywele ndefu kuliko akili kama walivyosema mama zao, waliamua kurekodi albamu ya roki katika ukumbi wa shule ya bweni ya wasichana wakati wa likizo ya Pasaka. Ukumbi ulirudisha mwangwi vibaya. Kasika, aliyekuwa akifua mashuka ya shule ile, akawafungulia bweni, na magodoro arobaini yakatundikwa ukutani kuzima mwangwi. Bagalwa, mpiga besi, alibeba naye godoro moja moja bila haraka yoyote, na kufikia siku ya nne alikuwa ameshamuuliza jina mara mbili. Katika wimbo wa mwisho mvua ilianza kupiga mabati. Wakaiacha humo humo, maana utepe ulikuwa unakwisha.

Santuri mia tatu zilitoka. Vita vikazitawanya, pamoja na wenyewe. Bagalwa, aliyekuwa amemwoa Kasika, alifia kambini Nyarugusu, na wawili wengine hawakufika hata huko. Alibaki Sosthène peke yake, mpiga gitaa, aliyekutana na Kasika tena hapa Minnesota, kanisani. Na sasa vijana wa Marekani, ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule, walikuwa wakiitafuta albamu ile kama dawa. Kampuni ndogo ya Stacy ilitaka kuitoa upya, lakini santuri pekee waliyoipata ilikuwa na mikwaruzo hata sindano iliruka nusu ya nyimbo. Nakala safi ilikuwa moja tu, kaseti aliyoiacha Bagalwa.

Figo za Sosthène zilikuwa zimekwisha, na madaktari nao walikuwa wamemaliza maneno. Alitaka kulisikia gitaa lake mara moja kabla hajafumba macho. Kila Jumapili aliwaambia watu kwamba Mama Joyeuse ameitunza, na Mama Joyeuse, yaani Kasika, aliinamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Gentille, mjukuu wa Sosthène, alimpitia kazini, akamwendesha hadi kwa mzee, mjini Eagan. Njiani alimuuliza, "Bibi, are you okay?" Kasika akasema ni uchovu.

Sosthène alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi, amekaa kwenye kitanda kilichowekwa sebuleni. Alinyoosha mkono. Kasika alikuwa amefanya mazoezi ya maneno yake juma zima, lakini akampa kaseti kabla ya kuyasema.

Mzee aliigeuza, na kidole gumba kikasimama ukingoni. Kaseti ina vijimeno viwili pale. Ukivivunja, hakuna mashine itakayorekodi juu yake tena. Sosthène mwenyewe ndiye aliyevivunja kwa ncha ya kisu mwaka ule wa albamu. Sasa matundu yake yalikuwa yamezibwa kwa plasta ya hospitali, iliyogeuka kahawia.

"Ni nani alifunika hapa?"

"Njo mimi nilifunika, Papa Sosthène."

Akamweleza yote. Mwaka aliofiwa, aliokoka. Mchungaji aliwaambia wanaotaka kubatizwa waachane na vitu vya dunia, na wengine wakachoma hirizi, wengine barua za mapenzi. Yeye hakuweza kumtia Bagalwa motoni. Kwaya ilikosa kaseti ya kurekodia, naye akaona kumpa Mungu si sawa na kuchoma. Aliomba plasta zahanati akidai amejikata. Kwaya ikajaza pande zote mbili, na yeye ndiye aliyeongoza nyimbo. Aliimba vizuri siku hiyo, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Sosthène alimwambia Gentille aiweke kwenye redio. Walisikiliza upande wa kwanza, kisha wa pili. Baada ya amina ya mwisho utepe uliendelea kuvuma mtupu, na mzee akatega sikio, shingo imemsimama, hadi mashine ilipojizima. Hakukuwa na gitaa. Hakukuwa na besi wala mvua. Kasika alilia bila kuficha uso.

"Na Bagalwa naye ulimufuta," alisema Sosthène.

"Nilimufuta."

Mzee alifungua kifungo cha juu cha shati lake. Kisha akasema, "Huyu muzungu akikuja, umuambie ni vita. Vita ilibeba mambo mingi. Hii nayo itaibeba."

Mlango ukagongwa. Stacy aliingia akitabasamu, na kijisanduku chenye sponji iliyokatwa kwa kipimo cha kaseti. Alimsalimu mzee kwa mikono miwili, akamwambia kwamba ameisubiri siku hii miaka sita. Gentille akatafsiri, kisha akamtazama Kasika, akingoja.

Sosthène alikuwa amegeukia ukuta.

Kasika hakumpa Gentille neno lolote la kutafsiri. Aliitoa kaseti redioni, akaiweka katika kiganja cha Stacy, na kwa Kiingereza chake cha kazini, maneno machache ya kufua na kukunja, akasema kwamba ni yeye. Aliiosha yote kwa mikono yake. Neno la kufuta hakuwa nalo kwa Kiingereza.

Stacy hakuelewa mara moja. Aliitazama kaseti, akaipitishia kidole taratibu, kama anayetaka kujua kama imekauka.