Matumbo ya Kompyuta ya Ejore

Ekwam alipiga msasa pespeksi nje ya nyumba yake Lodwar, ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, beseni kati ya miguu. Pespeksi ni ile plastiki ngumu, angavu kama kioo, naye aliitengenezea makasha ya kompyuta. Msasa mkavu huiunguza, kwa hiyo lazima ipigwe kwa maji, na maji ndiyo hayakuwepo. Ekwam alitumia kikombe kimoja. Yakishageuka meupe kama maziwa yaliyoharibika, aliyachuja kwa kitambaa akayatumia tena, hadi yakaanza kunuka na mkewe Nakiru akasema hata punda hawezi kuyanywa. Kingo alizimalizia kwa dawa ya meno. Ziling'aa sana.

Vipande vyenyewe vilitoka kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Serge, Mkongomani anayeuza vyuma chakavu kambini, alivikusanya vilipong'olewa kwenye meza za ofisi baada ya corona. Vilikuwa vile vya kuzuia mate kati ya karani na mwenye shida. "Iko ya muzuri, papa, kamata tu," Serge alimwambia. Mate yalikuwa bado yamekaukia juu, ya watu walioambiwa warudi kesho. Ekwam aliyafuta akaendelea na kazi.

Kasha la kuonyesha kila kitu liliagizwa na Ejore, mkubwa wa ofisi moja ya pale mjini inayopeleka maji vijijini wakati wa kiangazi. Aliona la namna hiyo Nairobi, lina taa za kijani ndani, akalitamani. Ekwam alimfungia kompyuta yake mle, akaiweka mezani, taa zikawaka. Asubuhi iliyofuata nyaya zilikuwa zimegeuka matumbo ya mbuzi.

Yalikuwa mabichi, yana joto, yanajinyonganyonga polepole nyuma ya pespeksi. Palipokuwa na feni palikuwa na bandama. Inzi waliingia kwa matundu ya hewa na hawakutoka. Kompyuta ilifanya kazi vizuri, hata karani Awoi alisema imekuwa nyepesi kuliko zamani, ila aliandika huku ameziba pua kwa leso. Hakuna aliyeuliza matumbo yametoka wapi. Waturkana wamesoma matumbo ya mbuzi tangu mababu: njia, mvua, maadui na makaburi, vyote vimo mle. Basi kila aliyeleta barua yake aliinama kidogo mbele ya kasha, akasoma, akaenda zake. Mwenye macho haambiwi tazama.

Awoi alimpigia Ekwam simu kwa sababu ya harufu, naye akaja akasoma kama wengine. Utumbo mwembamba ulionyesha lori la maji likitoka Lodwar kwenda Kataboi, ambako kisima kimekufa na watu wanakunywa maji ya magadi. Njiani lori liligeuka. Lilirudi kumwaga kwenye hoteli ya Ejore, kwenye nyasi zake, na kwenye karo ambamo mbwa wake huogeshwa kwa shampuu. Safari hiyo ilijirudia mkunjo baada ya mkunjo. Upande wa Kataboi utumbo ulikuwa mtupu, mkavu, na juu yake palikuwa na doa jeusi. Doa zima ni mgonjwa, doa lililopasuka ni kaburi. Lilikaa penye boma la Namuria, mama yake Ekwam, na lilikuwa bado zima.

Ejore alikuwa mezani, anakula mbavu za mbuzi pembeni ya kasha. Uvundo ule haukumpunguzia hamu.

"Ejok," Ekwam alisalimia.

"Ejok nooi. Umesoma?"

"Nimesoma, bosi."

"Mimi pia. Imesema ukweli, hakuna pahali imedanganya." Alitafuna kwanza. "Sasa kuna wageni wanakuja, na watu wa hapa watawatafsiria. Fanya hii kioo isionyeshe. Kama ile ya dirisha ya choo."

"Mama yangu iko hapo Kataboi."

"Najua. Si huyu hapa?" Ejore aliweka kidole juu ya doa, na alipokiondoa mafuta yalibaki kwenye pespeksi.

Ekwam alisema kasha zima ni msasa mwingi, na yeye maji hana.

"Maji si shida," Ejore alimwambia, kwa upole kabisa.

Kesho yake lori la maji lilisimama nje ya nyumba ya Ekwam. Ekwam alimwomba dereva alipeleke Kataboi. "Mimi nimeambiwa nimwage hapa," dereva alisema, akamwaga. Nakiru alijaza sufuria, mabeseni na ndoo ya taka, majirani wakaleta vyao. Kisha akapanga mitungi minne mlangoni, akasema gari la samaki linapita mchana huu, waipeleke kwa mama. Ekwam alisema ngoja kwanza amalize. Gari lilipita. Yeye alipiga msasa chini ya mpira wa maji wa lori uliofunguliwa wote, na uji mweupe ukatiririka hadi barabarani, mbuzi wakaulamba wakakohoa. Alikuwa fundi mzuri, na hilo ndilo linaloudhi: hakuacha hata ukubwa wa ukucha wa pespeksi unaoonyesha ndani.

Ofisini alirudishia kasha vipande vyake kimoja kimoja. Kabla ya kile cha mwisho alichungulia ndani. Doa lilikuwa limepasuka, weusi wake umechuruzika hadi chini ya kasha, na inzi wote walikuwa pale. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ekwam aliweka kipande, akakaza skrubu.

Kwa nje kilionekana kitu cha waridi kinachosogea katika mwanga wa kijani, na kilipendeza. Wageni walikisifu. Mmoja alivuta harufu, akauliza chakula cha mchana kinapikiwa wapi. Jioni ile lori lilimwaga hotelini kama kawaida.

Nyumbani Nakiru aliutazama uso wa mumewe. Alichukua mtungi mmoja kati ya ile minne ya mlangoni, akabandika chai. Haikuwa na ladha ya magadi hata kidogo. Ekwam aliinywa kwa kinyaa, akaomba kikombe kingine.