Baraza la Mzee Efraimu

Gibson alikuwa amekwisha kuamua. Nyumba ya marehemu baba yao, Mzee Efraimu, iliyokuwa kando ya barabara kuu ya Tunduma tangu yeye hajazaliwa, ingebomolewa, na mahali pake kusimame ghorofa lenye fremu za maduka. Majirani walishabomoa zao. Nyumba ile ya matofali ya kuchoma, iliyobaki peke yake katikati ya vioo na vigae, ilimtia aibu.

Dada yake Nesta, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, alipopata habari hakugomba. Alivuka asubuhi moja na sufuria kichwani, kuku mkononi.

"Sikuja kukuzuia, mdogo wangu," alisema. "Niache nipike hapa mara ya mwisho, kisha ubomoe."

Gibson alicheka, akamwambia fundi Kasiani asubiri hadi kesho.

Nesta alipika nyuma, katika jiko la mama yao, akaja kupakua barazani, chini ya matao na nguzo za mninga. Chakula cha barazani hakina siri. Wabeba mizigo walisimama, madereva wakateremka kwenye malori yao yaliyokwama foleni.

"Mwapoleni mukwai," Nesta aliwaamkia Wazambia. "Karibuni."

Muuza mchele mmoja kutoka Msangano, jina lake Aida, alinawa, kisha akabaki ameitazama dari.

"Mimi niliwahi kulala hapa na mama yangu," alisema. "Tulikuta mpaka umefungwa, na mvua haikatiki. Kulipokucha mwenye nyumba akatupatia uji."

Mambo aliyoyasahau miaka mingi yakamrudia Gibson: harufu ya mablanketi yaliyolowa, yeye akiwaruka wageni waliolala ili awahi shule, mama akikoroga sufuria kubwa, na baba akisema, "Mgeni haulizwi atokako kabla hajala." Akamgeukia Nesta.

"Dada, si ungeniambia tu nisibomoe?"

"Ungenisikia?"



Kesho yake alimwambia Kasiani aliache baraza, matao na nguzo zake, ghorofa lianzie nyuma.

"Bosi, fremu za mbele ndizo zenye wateja. Utazikosa."

"Najua."

Si yote yaliyopona. Mabati yalipoezuliwa, ukuta wa jiko la mama, uliokwisha kuliwa na mchwa, ulianguka wenyewe. Nesta alisimama juu ya kifusi akalia kama siku ya msiba. Gibson alimshika bega.

Sasa ghorofa limesimama. Vijana wa mjini wanalitania kwamba limevaa viatu vya babu. Nesta haupendi muziki wa duka la simu lililo ndani, wala harufu ya saruji pale palipokuwa na moshi wa kuni. Kila akifika husema hivyo waziwazi. Lakini akija sokoni lazima apite, aketi barazani, anyooshe miguu.

Juzi mvua iliwakuta hapo, yeye na Gibson. Wapita njia wakajazana barazani na mizigo yao, mpangaji wa duka akatoka akifoka kwamba wanamzibia mlango.

"Waache," Gibson alisema, akasogea ukutani pamoja na dada yake, wengine wapate pa kusimama.