Mashine Isiyokaguliwa

Kadi ya michoro ya mashine yetu iliungua mwishoni mwa Oktoba, mchana, wakati joto la Gaborone linapofikia mahali ambapo hata feni hupuliza hewa ya jikoni. Tulisikia mlio mfupi, kisha tukanusa plastiki. Odirile alichomoa waya ukutani, akafungua sanduku, akainama kulitazama kama mtu anayetazama chungu kilichounguza uji.

"Imekwenda," alisema.

"Imekwenda kabisa?"

"Gorata, nusa mwenyewe. Au unataka na cheti cha kifo?"

Mashine ile ilikuwa mali ya chama chetu cha wanafunzi, na chama kilikuwa na wanachama wanne, ingawa wawili kati yao walikuja hasa kwa ajili ya kiyoyozi. Kazi yetu ilikuwa ya kujitolea. Upo mradi wa watafiti ambao huigawa hesabu moja kubwa katika vipande vidogo vidogo na kuvituma kwa watu wa nchi nyingi, kila mtu akifanya vipande vyake kwa kompyuta yake na kurudisha majibu. Vipande tulivyopokea sisi vilihusu kifua kikuu sugu: kujua ni molekuli ipi inayoweza kushikamana na sehemu ipi ya kijidudu, ili wenye maabara wasijaribu maelfu ya dawa kwa kubahatisha. Kadi ya michoro ilibuniwa ili ichore picha za michezo ya kompyuta, lakini hesabu za namna hiyo huzifanya upesi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mashine. Bila kadi, hatukuwa na chama. Tulikuwa na sanduku la chuma.

Kuna jambo jingine ambalo halina budi kueleweka. Kwa utaratibu wa mradi, kila kipande hupewa watu wawili wasiojuana. Majibu yao yakilingana, hupokelewa. Yasipolingana, hutafutwa mtu wa tatu. Lakini mashine ikijibu kwa usahihi kwa muda mrefu, mradi huanza kuiamini, na tangu hapo majibu yake hupokelewa peke yake, pasipo kulinganishwa na ya mtu yeyote. Mashine yetu ilikuwa imefikia daraja hilo. Siku tulipolipata, Odirile aliandika kwa kalamu nene juu ya sanduku: HAIKAGULIWI. Tulipiga picha tukiwa tumesimama kando yake.

Kadi iliungua wakati mbaya. Mkuu wa idara, Daktari Mosweunyane, alikitaka chumba chetu kwa ajili ya kuhifadhia karatasi za mitihani. Nilimwendea nikamweleza habari za kifua kikuu kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Msinionyeshe huruma. Nionyesheni nafasi." Alikuwa amesikia kwamba kila Novemba timu za vyuo hushindana, wiki mbili, kuona ni ipi itakayofanyia mradi hesabu nyingi zaidi; kila jibu lililopokelewa huipa timu alama. Tukiingia katika timu ishirini za kwanza, chumba kingebaki chetu, pamoja na kiyoyozi na umeme wa akiba. Tusipoingia, tungetoka. Hakuna mwanachama aliyeishi mahali ambapo mashine ile ingeweza kuwaka mchana kutwa bila kuungua tena.

Jumamosi iliyotangulia mashindano, Odirile nami tulikwenda Tlokweng kwa Mama Neo. Zamani alikuwa akichimba sarafu za mtandaoni kwa mashine alizozipanga ukutani sebuleni. Biashara hiyo ilipofifia, akaanza kuuza kadi zake na za wenzake, pamoja na magwinya, maandazi ya huku kwetu, ya moto asubuhi.

"Viatu acheni hapo, wanangu, nimepiga deki," alisema. "Mnatafuta ya mchezo au ya masomo?"

"Ya hesabu, mama," nilisema.

"Hesabu ndiyo masomo. Kaeni."

Aliweka mbili mezani. Moja ilikuwa nyekundu, yenye feni tatu na taa pembeni. Nyingine ilikuwa nyeusi, nzito, haina taa, haina umbo la kusifika.

"Hii nyekundu ni farasi. Neo aliichezea mpira likizo nzima, mpaka jasho la wachezaji unaliona."

"Na hii?"

"Hiyo ilikuwa kwenye ofisi ya wahandisi wa mgodi. Mgodi ukafungwa, vitu vikauzwa. Ni nzima, ila sura ndiyo hiyo, kama betri ya gari."

"Nyekundu ilichimba sarafu?" nikauliza.

Mama Neo alicheka. "Mwanangu, humu ndani kila kitu kilichimba sarafu isipokuwa mimi na hili kochi."

Odirile alikuwa amekwisha kuichukua nyekundu mikononi. "Mama, tupunguzie basi."

"Mara ya ngapi? Nikipunguza tena nitakuwa nakulipa wewe uibebe."

Bei zilikaribiana, na pesa za chama zilitosha kwa mojawapo tu. Nilimwomba atuachie zote mbili mpaka Jumatatu, tuzijaribu, kisha turudishe moja. Alimtazama Odirile, akanitazama mimi, akadai kitambulisho changu. "Cha huyu sikitaki," alisema. "Huyu ana macho ya mtu anayependa taa."

Tulirudi chuoni, tukaifunga nyekundu kwanza. Odirile aliijaribu kama kila kijana anavyojaribu kadi: alifungua mchezo wa magari, akauendesha kwa kasi ya juu kabisa. Picha zilikwenda laini kama maziwa. Kisha akaomba vipande vya mradi, na kadi ikavimaliza kwa kasi tuliyokuwa hatujawahi kuiona katika chumba kile. Nyeusi, tulipoifunga badala yake, ilitumia karibu muda maradufu.

"Kesi imekwisha," alisema Odirile. "Betri ya gari irudi kwa Mama Neo."

"Bado sijaipima."

"Umeiona inakwenda."

"Nimeona inakimbia. Sijaona inafika wapi."

Nilikuwa nimehifadhi vipande kadhaa vya zamani, vya wakati ambapo mashine yetu ilikuwa bado inakaguliwa. Majibu yake yalikuwa yamelinganishwa na ya watu wengine na kukubaliwa. Niliipa kadi nyeusi kimoja kati ya hivyo. Ilileta jibu lile lile, mpaka tarakimu ya mwisho. Niliirudisha nyekundu, nikaipa kipande hicho hicho. Jibu lilianza sawa, kisha, mbali baada ya nukta, tarakimu zikaachana.

Odirile alisogeza kiti. "Hiyo ni vumbi tu. Nani anahesabu mpaka huko?"

"Mradi."

"Mradi hauhesabu, Gorata. Mradi unatuamini." Aligonga juu ya sanduku, pale penye maandishi yake. "Mradi unaitambua mashine, haujui tumebadilisha kadi. Kila tutakachotuma kinapita. Tunaingia ishirini bora, chumba kinabaki, halafu Januari tunatafuta kadi nyingine kwa raha zetu."

"Na vitakavyokuwa vimepita?"

"Ni maelfu kwa maelfu ya vipande. Vyetu vibaya vitamezwa na vizuri vya watu."

"Kipande chetu hakifanywi na mtu mwingine. Ndiyo maana ya kuaminiwa. Dawa nzuri ikipata alama mbaya kwetu, hairudiwi. Inatupwa."

Aliondoa mkono wake juu ya sanduku. Nilijua kwamba nimegusa mahali panapouma, na sikuwa na hakika kwamba nilikuwa na haki ya kupagusa. Mama yake Odirile, aliyekaa Kanye, alikuwa ameugua kifua kikuu sugu miaka ambayo sisi tulikuwa sekondari. Sindano zilimponya mapafu zikamchukulia masikio. Odirile ndiye aliyeanzisha chama, na hakuwahi kusema kwa nini. Mimi nilijua kwa sababu niliwahi kufika kwao, nikamwona akizungumza na mama yake kwa kalamu na ubao mdogo.

"Usinifundishe dawa inayotupwa," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Mimi nataka ipatikane upesi. Upesi, unanielewa? Wewe unasoma mambo haya. Mimi nimeyaandika ubaoni."

"Ninaelewa."

"Huelewi. Chumba kikienda, hatutafanya hata kipande kimoja, kiwe kibaya kiwe kizuri. Kukaa bure ndiyo usahihi?"

Nilimwomba jambo moja tu: ajaribu mwenyewe, kwa mkono wake, kadri atakavyo. Niliondoka nikaenda kununua chakula. Nilifanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa nilikwisha kuona kwamba nikikaa pale atakuwa anabishana na mimi badala ya kubishana na kadi.

Niliporudi na seswaa, nyama ya kupondwa, katika visahani vya karatasi, alikuwa amepunguza kasi ya chipu za kumbukumbu za kadi nyekundu, kama wajuzi wafanyavyo kadi inapoyumba. Alikuwa amekirudia kipande kile kile mara kadhaa na kuyapanga majibu kwenye skrini, moja chini ya jingine. Hayakuwa yametofautiana na jibu la zamani tu; yalikuwa yametofautiana yenyewe kwa yenyewe. Alipozidi kupunguza kasi, tofauti zilipungua, lakini hazikuisha.

"Tazama," alisema. "Swali moja. Leo hii, chumba hiki hiki. Inanijibu kila mara jambo jingine, na inajibu kwa uso mkavu kabisa."

"Kwenye mchezo usingeona."

"Kwenye mchezo ni nukta moja ya rangi kwenye tairi. Nani atazame tairi?" Alichukua sahani yake, akala kidogo, akaiweka chini. "Kumbukumbu zimechoka. Zimechimba mpaka zimechoka. Basi. Tunafunga betri ya gari."

Nilifurahi, tena nilianza kupiga mahesabu. Nyeusi ilikuwa ya polepole, lakini tukiianzisha mapema, bila kuizima, na bila kusubiri kulinganishwa na mtu, huenda tungeingia ishirini kwa shida. Nilimwambia hivyo.

Odirile alitikisa kichwa. "Tunaisajili mashine upya."

"Kwa nini? Nyeusi imejibu sawa."

"Imejibu sawa kipande kimoja, mbele yako. Nyekundu ingepita kwa jina la marehemu, ile kadi iliyoungua; si ndicho ulichokikataa mwenyewe? Basi na nyeusi isipite kwa jina hilo. Ianze chini kama mgeni. Ikaguliwe."

"Odirile, tukianza upya alama zote zitasubiri mtu wa pili amalize. Wengine hukaa na kipande siku nyingi. Mashindano yatakwisha alama zetu zikiwa bado njiani."

"Najua."

"Na chumba?"

"Si wewe uliyekuwa unanihubiria hapa? Mahubiri yamekwisha kabla ya sadaka?"

Aibu ilinipata, kwa kuwa ni kweli. Nilikuwa nimetetea usahihi mpaka ulipoanza kunigharimu kile nilichokitaka mimi. Nilitaka chumba kile kuliko nilivyowahi kumwambia mtu yeyote. Nilikuwa nimekwisha kukiona mwaka unaofuata, chenye mashine tatu na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakiulizana maswali. Kisha nikamwambia aandike, nami nitasoma kama kila kitu kipo sawa. Akaisajili upya, na pale palipokuwa na alama ya kuaminiwa pakawa tupu. Akatafuta spiriti na kitambaa, akayafuta maandishi yaliyokuwa juu ya sanduku.

Jumatatu tulimrudishia Mama Neo kadi nyekundu na kumweleza tulichokiona. Aliisikiliza habari yote bila kukasirika.

"Kwa hiyo kwa mchezo bado ni nzima?"

"Kwa mchezo, ndiyo, mama."

"Nitamwambia mnunuzi ni ya mchezo tu. Akiitaka kwa hesabu nitamtuma kwenu, mmchoshe kama mlivyonichosha mimi." Akanirudishia kitambulisho.

Wiki mbili za mashindano zilipita kama nilivyohofia. Kadi nyeusi ilifanya kazi bila kusimama, na alama zetu nyingi zikabaki katika safu ya zinazosubiri. Daktari Mosweunyane alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Nafasi?"

"Ya arobaini na nane, Daktari," nilijibu.

"Nilisema ishirini."

"Ulisema ishirini."

Odirile alimweleza habari za kadi nyekundu na usajili mpya, kwa ufupi, bila kuomba chochote. Daktari aliuliza maswali mawili, yote ya maana, juu ya namna majibu yanavyolinganishwa. Alitazama skrini kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akasema kwamba karatasi za mitihani zitaletwa Ijumaa, na kwamba tukihitaji mkokoteni tumwone mlinzi.

Tuliihamishia mashine kwa mjomba wangu, Gaborone Magharibi, katika chumba cha nyuma anachowekea magurudumu ya gari. Hapana kiyoyozi. Tumekubaliana kuiwasha jua linapotua na kuizima asubuhi kabla joto halijapanda, kwa hiyo hufanya nusu ya kazi iliyokuwa ikifanya chuoni. Mjomba alituuliza mara moja tu kama inaweza kulipuka, na Odirile akamwambia hapana, ila inaweza kuchosha. Wale wanachama wawili wa kiyoyozi hawajaonekana tena.

Jumapili, tukiwa tumekaa juu ya magurudumu, vipande vya kwanza tulivyovifanya kwa mjomba vilipata mtu wa pili. Mashine ya mgeni, katika nchi ambayo mradi haukututajia, ilikuwa imefanya hesabu zile zile na kurudisha majibu yake. Odirile alisoma tarakimu za mgeni kwa sauti, na mimi nikafuatisha zetu kwa kidole kwenye skrini, moja moja, mpaka ile ya mwisho kabisa.

"Sawa," nilisema.

"Kinachofuata," alisema.