Viazi vya Mzee Matonya

Tangu kiharusi kimpitie, Mzee Matonya alikuwa anakula kama mwizi, mlango umefungwa, na sahani ilirudi jikoni imeguswa kidogo tu. Mkono wake wa kulia uliweza kukunja ngumi, lakini vidole vilikataa kumega tonge. Wa kushoto ulikuwa mzima, ila Mgogo wa Bahi ale kwa kushoto? Afadhali alale njaa. Kijiko alikisukuma kando, akasema ni cha wagonjwa. Na kulishwa na mke wa mwanawe, hilo usilitaje kabisa.

Edina, mkwewe, alimpokea hapa Miyuji akiwa bado na mashavu. Sasa shati lilimpwaya mzee hadi mabegani, na Edina aliogopa kweli kwamba watamzika. Mumewe, Lameck, alisema tu, "Mwache, baba atazoea." Wanaume bwana! Njaa nayo inazoeleka?

Asubuhi moja alimwona mzee anakwenda uani, fimbo ameikamata barabara kwa mkono uleule wa kulia. Edina ni mtu wa Njombe, na mtu wa Njombe akizidiwa hukimbilia kiazi. Kiazi kizima hakimegwi, hukamatwa.

Akachemsha viazi mviringo vikubwa na maganda yake, akavikomba ndani, akajaza mlenda ambao mzee aliupenda tangu utotoni. Lakini mlenda ni mlenda, huteleza. Kitambo kidogo sauti ikatoka nyuma ya mlango: "Mkwe wangu, umeniona mtoto mchanga?" Ulikuwa umemtiririka hadi kifuani. Edina alifua shati lile huku analia.

Hata hivyo, kesho yake alirudi jikoni. Safari hii aliuacha mlenda ukaukie motoni, akaukoroga na karanga za kusaga, samaki mkavu aliyetolewa miiba, na kiazi alichokomba kwenye viazi vipya. Ukashikamana. Akavijaza viazi, akavirudisha juu ya makaa mpaka ganda likakauka. Alionja kimoja, akaguna, akakimaliza chote bila aibu.

Vitatu akampelekea mzee, kisha akasimama ukumbini roho juu. Halafu kitasa kikalia, na mzee akatoka mwenyewe akiburuta mguu, kiazi kimeumwa nusu ngumini, akaenda kuketi barazani mbele ya njia ya watu wote. Edina aliinamisha macho, lakini masikio aliyaacha wazi.

Jirani yao Wambura alikuwa anatoka kazini. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu mzee, mdomo umejaa. "Karibu tule."

Miezi yote ile hakuwa amemkaribisha mtu. Anayekula kwa kujificha atamkaribisha nani? Wambura akasogea, akaomba maji ya kunawa.

"Mkwe wangu," mzee akaita kwa sauti ya mwenye nyumba, "ongeza viazi, tuna mgeni."