Masanduku Mbele ya Nyumba ya Kerstin

Kahindo alipofika kufungua duka asubuhi ile, bibi mmoja wa Kiswidi alikuwa anasubiri nje, amekumbatia boksi la viatu lililofungwa kwa utepe. Duka ni dogo, liko Farsta, mtaa wa pembezoni mwa jiji, si mbali na stesheni, na kazi yake ni kusafisha na kurudufu picha za zamani. Kahindo, binti wa mpiga picha, alijifunza kazi hiyo Goma, katika studio ya marehemu baba yake, kabla vita havijamtoa huko.

Bibi aliitwa Gunvor, mkazi wa Spånga. Macho yake yalikuwa yanakufa kuanzia katikati, hivyo ili akuone ilimbidi ageuze kichwa pembeni kama kuku. Waswidi huitana majina tu, mkubwa kwa mdogo, lakini Kahindo hakuwahi kulizoea jambo hilo kwa mtu wa umri ule. Alimwita Mama Gunvor, na bibi hakukataa.

"Hizi ni picha za Kerstin," bibi alisema akifungua boksi. "Alikuwa dada mkubwa wa bibi yangu. Wamisionari wa Kimormoni walimbatiza akiwa msichana, akawafuata Marekani, mpaka Utah. Hakurudi tena. Nataka unitengenezee kitabu, wajukuu wangu wajue sisi ni watu wa namna gani."

Picha hazikuwa nyingi, nazo zilibandikwa kwenye kadi ngumu zilizoliwa na ukungu. Katika moja kulikuwa na nyumba ya magogo yenye paa la udongo, na nyasi zimeota juu ya paa. Katika nyingine wanaume walikuwa wanachimba mfereji wa maji kwenye ardhi isiyo na mti hata mmoja. Kisha Kerstin mwenyewe, mwembamba, mvulana na wasichana wawili wadogo wakiwa miguuni pake, amesimama kushoto kwa mwanaume mwenye ndevu, na kulia kwa mwanaume huyo mwanamke mwingine, mtu mzima zaidi. Nyumbani kwa kina Gunvor walimwita mwanamke huyo mpangaji. Gunvor alipokua ndipo alipoelewa kwamba alikuwa mke wa kwanza, na Kerstin wa pili.

"Hii ndiyo nzuri kuliko zote," bibi alisema, akiipapasa kadi ya mwisho. "Masanduku ya matufaha mbele ya mlango. Mavuno yao ya kwanza. Hii iwe picha ya jalada, na uikuze kabisa."

Kahindo aliitazama. Ukungu ulikuwa umeifunika karibu yote. Kulikuwa na watu wamesimama, na mbele yao vitu viwili vya mbao vimewekwa juu ya viti. Akasema sawa.

Jioni alirudi Fisksätra, kwenye nyumba anayoishi na mama yake. Alimkuta mama ameketi dirishani na blanketi mapajani, simu ameishika karibu na midomo.

"Heshima, mtoto wangu, ni mama yako," mama alikuwa anasema kwenye simu. "Huku baridi imeanza. Kama umekula, sema. Kama hujakula, sema vilevile. Mungu akulinde."

Akabonyeza, ujumbe ukaenda. Juu ya ujumbe huo kulikuwa na jumbe nyingine nyingi za sauti, kila moja na alama moja tu ya kijivu. Hakuna hata moja iliyomfikia mtu.

"Réseau ya simu huko kambini bado ni mbaya?" mama aliuliza.

"Bado, Mama," Kahindo alijibu, akaenda jikoni kuwasha jiko.

Heshima, kitinda mimba wao, alikufa mwezi wa kwanza, siku zile vita vilipoingia Goma. Alitoka kutafuta maji, risasi ikampata kwenye kona ya mtaa. Léonidas, jirani yake, ndiye aliyepiga simu kutoa habari. Yeye na vijana wengine wa mtaa walimzika pamoja na watu waliookotwa njia ileile, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine.

Kaka yao mkubwa, Fidèle, anayeishi Kampala, ndiye aliyeamua. "Mama hawezi kuibeba hii," alisema. "Moyo wake unaujua, na daktari unajua alisema nini. Tumwambie Heshima alikimbilia Uganda, yuko kambini, simu haishiki huko. Tukipata muda mzuri tutamwambia." Kahindo alikubali. Muda mzuri ukawa hauji. Ikapita Pasaka, yakapita majira ya joto, na uongo ukazidi kuongezewa mambo, Fidèle akijifanya amepata habari kwa watu wa kambini: mara Heshima ana malaria, mara amepona, mara amepata kazi ya kufundisha watoto wa kambini. Mama alifurahi sana siku aliyosikia habari ya kazi. Aliwapigia hadi akina mama wa kanisani kuwaeleza.

Kazi ya picha ya Kerstin ilimchukua Kahindo muda. Aliiskani, akaikuza kwenye kompyuta, akaanza kuuondoa ukungu kipande kwa kipande. Kwanza alitokea mwanaume mwenye ndevu. Hakuvaa kofia, alikuwa ameishika kifuani kwa mikono miwili. Kisha wake wawili, wamevaa nguo zao nzuri, na mke mkubwa amemkamata Kerstin chini ya mkono kama mtu anayezuia mzigo usianguke. Kisha mtoto wa kiume. Katika picha iliyotangulia Kerstin alikuwa na mvulana huyo na wasichana wawili. Hapa wasichana hawakuwapo.

Akashuka kwenye masanduku. Moja lilikuwa fupi kuliko lingine. Mbao zilikuwa mpya, hazikupigwa randa vizuri. Mfuniko wa lile fupi ulikuwa umeegemezwa kwenye mguu wa kiti, na ndani, juu ya kitambaa cheupe chenye lesi, kulikuwa na shavu la mtoto.

Kahindo aliinuka, akaenda kusimama nje ya duka bila koti. Watu walikuwa wanapita kwenda madukani na mifuko yao. Baridi ilipomzidi alirudi ndani.

Alimpelekea Gunvor picha zile Spånga yeye mwenyewe. Bibi alikuwa ameandaa kahawa na mikate midogo ya mdalasini, na meza ameipangusa kupokea kitabu.

"Ile ya mavuno imetoka vizuri?"

"Mama Gunvor," Kahindo alisema, "yale si masanduku ya matufaha."

"Ni nini basi?"

"Ni majeneza. Ya wale wasichana wawili."

Gunvor alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesikia vibaya. Kisha uso ukabadilika. "Unasema nini? Picha hii imekuwa kwetu tangu sijazaliwa. Bibi yangu mwenyewe alikuwa akituonyesha kila Krismasi. Wewe utajua nini juu ya watu wetu?"

"Sijui kitu juu yao. Najua ninachokiona. Moja liko wazi."

Bibi alinyoosha mkono. "Nionyeshe."

Kahindo aliiweka picha mezani, akakishika kidole cha bibi na kukipeleka taratibu: hapa ndipo kofia ya baba, hapa mkono wa mke mkubwa, hapa mama yao, hapa mbao, hapa lesi. Hapa uso. Gunvor aligeuza kichwa pembeni, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, akijaribu kuona kwa ile sehemu ya jicho iliyobaki.

"Kerstin hakujua kuandika," alisema akiwa bado ameinama. "Picha ilikuja peke yake, bila neno. Bibi yangu akamjibu, maana huko kulikuwa na wa kumsomea. Hiyo tulikuwa tunasimuliwa kama jambo zuri. Alimwandikia: tumefurahi mno kuona Mungu amewajalia mavuno." Akainua kichwa. "Baada ya hapo Kerstin hakutuma picha nyingine. Tulidhani ametajirika, ametusahau."

Kahindo akakiachia kidole cha bibi.

"Alituletea msiba wake tumsaidie kulia," Gunvor alisema. "Sisi tukampongeza. Na mpaka leo hakuna mtu wa huku aliyewalilia wale watoto. Hata mmoja." Akaisukuma picha kando. "Usiiweke kwenye jalada. Iweke ndani, na uandike ni nini."

Ndani ya treni Kahindo aliketi na begi mapajani. Aliwaza jinsi Kerstin alivyosomewa barua ile, akiwa amesimama mlangoni palepale pengine, na anayemsomea hajui barua inajibu nini. Kisha akawaza siku ile akina mama wa kanisani walipopiga vigelegele kwenye simu kwa sababu Heshima amepata kazi. Alishuka kwenye stesheni ya kati, akampigia Fidèle.

"Leo namwambia," alisema.

"Usithubutu. Akifa, umemuua wewe."

"Namwambia, kaka."

Mama alikuwa dirishani. Kahindo alipiga magoti mbele yake, na kwa kuliona tu lile goti mama akaiweka simu chini.

"Ni Heshima," mama alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Leo?"

"Si leo. Mwezi wa kwanza. Siku zile za vita."

Mama hakupiga kelele. Aliyazungusha macho chumbani kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani. "Mwezi wa kwanza," alirudia. "Na mimi niko nakula. Niko nacheka na watu." Akamtazama Kahindo. "Na ile kazi ya kufundisha?"

"Hakukuwa na kazi, Mama."

"Mulinichekesha juu ya maiti ya mtoto wangu." Akaondoa mkono wa Kahindo gotini kwake. "Ondoka hapa mbele yangu."

Matanga yalifanyika nyumbani mle mle. Wakongomani walikuja kutoka kila upande wa jiji, na Waburundi na Wakenya wa kanisani, wakaleta viti, sufuria na nyimbo. Mama alikaa chini kwenye godoro, akapokea mikono ya watu wote isipokuwa wa binti yake. Fidèle alipopiga simu alikataa kuipokea. Siku ya mwisho ya matanga alishikwa na maumivu ya kifua, gari la wagonjwa likamchukua. Fidèle alimtumia Kahindo ujumbe mmoja: Umefurahi sasa?

Mama hakufa. Alirudi amekonda, na mguu mmoja anauburuza. Alikula alichopikiwa, alikunywa dawa, na kwa majuma mengi alimsemesha Kahindo kama mtu anavyomsemesha nesi.

Asubuhi moja ya Desemba, kabla ya Kahindo kwenda kazini, mama alikuja jikoni akishikilia ukuta.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Sijui, Mama."

"Yuko mtu anajua?"

Kahindo alimpigia Léonidas, akaiweka simu mezani sauti ikiwa juu. Léonidas alipotambua anaongea na nani, alimwamkia, kisha akaeleza yote bila kurukaruka. Heshima alikuwa na suruali ya kaki na lile koti la kahawia. Viatu vilikuwa vimeshachukuliwa. Hawakupata sanda, wakashusha pazia la chumbani kwake, wakamfunika nalo. Hawakuweza kumwosha, hakukuwa na maji. Mzee mmoja alisoma zaburi, ila alisoma haraka kwa sababu risasi zilikuwa zinaanza tena.

"Pazia lipi?" mama aliuliza. "La maua?"

"Ndiyo, mama. La maua."

"Nilimshonea mimi." Akavuta pumzi. "Asante, mwanangu. Na watu wa nyumbani kwako, wako wazima?"

"Wako wazima, mama. Tunasukuma siku."

Simu ilipokatika mama aliteleza taratibu kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, akaanza kulia kwa sauti, kilio ambacho hata siku za matanga hakukitoa. Kahindo alinyoosha mkono, akaurudisha. Hakuwa ameruhusiwa bado. Akaketi naye chini, mgongo kwenye kabati, karibu naye bila kumgusa, na kazini hakwenda.